Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sampuli za Mzeituni Mwitu na Lebo Zake

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu nyingi tumezielekeza kwenye karatasi za zamani zilizobandikwa sampuli kavu za mzeituni mwitu, tukisafisha kumbukumbu kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi hii haionekani kwa nje, lakini bila hiyo ramani za misitu ya mtarakwa na mzeituni tunazowapa wahifadhi zitakuwa na nukta za uongo.

Tuanze na jina. Mti huu tunauandika Olea europaea, spishi ndogo cuspidata, ila lebo nyingi zinasema Olea africana au Olea chrysophylla. Jina la zamani lisifutwe wala kufunikwa. Bandika kando yake kijikaratasi chenye jina jipya, jina la aliyetambua na mwaka.

Ugumu zaidi ni kuutofautisha na ndugu yake wa msitu wenye unyevu, Olea capensis. Mgongo wa jani la mzeituni mwitu, yaani upande wake wa chini, umefunikwa na magamba madogo sana yanayoupa rangi ya dhahabu, kahawia au fedha. Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha kuyaona. Capensis hana utando huo, na maua yake hutokea zaidi kwenye ncha ya tawi, ilhali ya mzeituni mwitu hutoka kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na tawi. Sasa tazameni kinachoharibu kazi: tumekuta karatasi ambazo kila jani limegundishwa likiwa limelala chali. Mgongo hauonekani tena, na kulibandua ni kulivunja. Wakati wa kubana sampuli ikauke, geuzeni angalau jani moja. Matunda na majani yaliyodondoka yawekwe kwenye bahasha iliyobandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Mahali ndipo penye makosa mengi. Lebo ikisema “Meru” tu, ni Mlima Meru wa Arusha au Meru ya Kenya? Tafuteni alama ya kanda za Flora of Tropical East Africa, vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki: T2 ni Tanzania kaskazini, K4 ni Kenya ya kati. Pasipo alama hiyo, fuateni namba ambazo mkusanyaji alizipa sampuli zake kwa mfululizo, kwani sampuli zilizotangulia na zilizofuata huonyesha alikuwa njia gani. Isipopatikana, nukta isiwekwe kabisa. Kubahatisha ni kumdanganya atakayekuja baadaye.

Urefu kutoka usawa wa bahari kwenye lebo za kale uko kwa futi. Futi 7,000 ni mita 2,134. Ukiandika 7,000 kama mita, mti umeupandisha juu kuliko kilele cha Kilimanjaro. Kwa Kenya, alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa ikweta, ikisahaulika kwenye latitudo, mti wa Nyeri unaruka ikweta. Na anayesoma ramani za 1:50,000 aandike kuwa ametumia Arc 1960, mfumo wa vipimo wa ramani hizo, maana tofauti yake na GPS ni karibu mita 300, inayotosha kuutoa mti kwenye bonde na kuuweka mgongoni mwa kilima.

Miti iliyopandwa iandikwe “umepandwa”, hata kama imezeeka. Hili linahusu zaidi Fraxinus wa Amerika, wa familia moja na mzeituni, anayepandwa mijini Kenya. Yeye majani yake yana vijani vingi kwenye kikonyo kimoja. Hapa kwetu si mti wa asili.

Wadudu bado wanatusumbua. Kila furushi linaloingia lifungwe kwenye mfuko wa nailoni na kukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Mfuko usifunguliwe hadi urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya karatasi na kuleta ukungu.

Msimu ujao kamati inaomba kila mti uliochukuliwa ukiwa na maua upewe kibati chenye namba ya mkusanyaji, ili atakayerudi kwa matunda akate tawi la mti uleule.