Barua ya wazi kwa kamati za harusi: siku zilizobaki ni za nini?

Wanangu wanakamati, na ninyi bibi na bwana harusi watarajiwa,

Salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Ndoa ya binti mmoja wa mtaani kwetu imevunjika kabla ya kutimiza mwaka. Wakati wa maandalizi, katibu wa kamati alituma picha ya maharusi kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp: "Zimebaki siku 30", kesho yake "Zimebaki siku 29", na chini yake orodha ya walioahidi na hawajalipa. Zilipobaki siku chache, binti alimfuata shangazi yake jikoni, sinia la mchele mkononi, akamwambia mchumba wake amempiga kofi na kumnyang'anya simu. Akajibiwa: "Ukumbi umeshalipiwa, kadi zimeshagawiwa, unataka kutuaibisha?" Asubuhi picha ikatumwa kama kawaida. Haya nimeyajua juzi, mama yake akinisimulia huku analia.

Sasa niulize: zile siku mlikuwa mnazihesabu za nini?

Waliotutangulia kuweka utaratibu wa kungoja siku kabla ya ndoa walijua sababu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Taarifa hiyo hutangazwa, na mwenye pingamizi ana haki ya kulileta. Kanisani nako wengi tumezoea kusikia ndoa ikitangazwa Jumapili tatu, waumini wakiombwa waseme kama wanajua kizuizi. Muda ule umewekwa ili jambo liweze kusimama likibainika lina kasoro. Sheria hiyohiyo inasema ndoa ni ya hiari ya wawili wenyewe. Haijataja popote ukumbi wala keki.

Hata wanaorusha vyombo vya anga, ambao wametufundisha kuhesabu kurudi nyuma hadi sifuri, huisimamisha saa makusudi. Kwa vyombo vya Marekani vile vya kwenda na kurudi, saa ilisimamishwa zikiwa zimebaki dakika 9, kila mkuu wa kitengo aseme kama yuko tayari. Januari 1986, kabla ya kurusha Challenger, kimojawapo cha vyombo hivyo, kutoka Florida, wahandisi walionya usiku wa kuamkia safari kwamba baridi ingeharibu kazi ya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Safari ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja, na wakubwa hawakutaka kungoja tena. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule. Nafasi ya kuisimamisha saa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusikiliza.

Na sisi ndivyo tulivyo. Jamii yetu imefika mahali mchango wa laki moja unazidi uzito wa machozi ya binti. Tunaogopa midomo ya watu siku moja, tunamwachia mtoto mateso ya miaka. Wazee wenzangu, hapa nawasema ninyi kuliko vijana. Binti akija na neno, aliyezaa ndiye wa kwanza kumnyamazisha! Inaniuma sana, maana wengi wetu tumewalea hawa watoto kwa mikono yetu, tukawabeba mgongoni wakiugua homa.

Mengine kwa ufupi, kwa wengine wanaohesabu siku. Watahiniwa wa kidato cha nne: mkiandika siku zilizobaki ubaoni, andikeni na mada ya siku hiyo. Wajawazito: hesabuni mahudhurio ya kliniki kabla ya nguo za mtoto. Wanaoingoja Ramadhani: lipeni kwanza funga mnazodaiwa.

Narudi kwenu wanakamati. Katika kikao cha kwanza kabisa, andikeni kwenye daftari nini kitafanyika kwa michango harusi ikiahirishwa, na wachangiaji wakubali. Mkilipia ukumbi, ulizeni masharti ya kurudishiwa fedha. Kisha zikibaki wiki tatu, mteueni mama mmoja na baba mmoja wasioshika fedha, wakae na bibi harusi peke yake, na bwana harusi peke yake, wamuulize kila mmoja kama bado anataka. Jibu likiwa hapana, mwenyekiti ndiye apige simu ukumbini. Asiachiwe binti.

Mama yenu,
Morogoro