Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Saratani na Wauguzaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya; viongozi wa dini na wa serikali ya mtaa; wauguzi wetu; mabibi na mabwana,

Karibu sana. Wengi wetu tulifahamiana kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, tukisubiri mionzi.

Mheshimiwa, kazi yetu kubwa ni daftari. Kabla ya siku ya kliniki tunakaa na mgonjwa, anaeleza yanayomsumbua, tunaandika pamoja na maswali yake. Bila hivyo, aliyekesha kwa maumivu akiulizwa hali hujibu, "Nashukuru, naendelea vizuri." Ndiyo adabu yetu, lakini dozi ya dawa ya maumivu hupangwa kwa jibu hilohilo.

Daftari linawafaa zaidi akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini. Kumweleza daktari wa umri wa mwanao habari za kutokwa damu, tena mlango ukiwa wazi, si jambo dogo. Mama hufungua ukurasa, akampa asome.

Mitishamba nayo hufichwa, kwa kuogopa kufokewa; na kweli wapo waliofokewa. Tunawasihi waitaje, maana baadhi hugongana na dawa za saratani au kuelemea ini. Tunawafundisha pia kuuliza, "Nikiona dalili gani nirudi haraka?" Aliyetundikiwa dripu ya dawa za saratani akapata homa ya nyuzi 38 hapaswi kungoja tarehe ya kliniki. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, huenda zimeshuka, na maambukizi yanaweza kumuua.

Wapo ndugu wanaomvuta daktari pembeni: "Usimwambie mzee." Mzee anapelekwa mionzi akiamini ana vidonda vya koo, kisha anashangaliwa akikataa kurudi.

Mheshimiwa, tunaomba mgonjwa akitaka aruhusiwe kuingia na ndugu mmoja chumbani. Tunaomba pia majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe aandikiwe kwa Kiswahili, hata mistari miwili, ajue ugonjwa umefika wapi na tiba inalenga kuponya au kutuliza. Tunajua foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Kwa hiyo ombi la mwisho ni dogo: daktari akimaliza, amwombe mgonjwa arudie alichoelewa.

Tunaomba kuwasilisha.