Mpwa wangu, 4,294,967,297 si namba tasa

Mpwa wangu,

Habari za masomo? Umeijaribu 4,294,967,297 kwa 2, 3, 5, 7 na 11, kila mara ukapata baki, ukaamua ni namba tasa. Hesabu zako ni sahihi, ila umesimama mapema mno. Pierre de Fermat naye, gwiji wa hisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa.

Sababu alikuwa nayo. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, jumlisha 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, tasa zote. Inayofuata, 2³² + 1, ndiyo hiyo yako. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Ukienda kibubusa, utapitia namba tasa 6,542, kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo tu. Anza na sura ya kigawo. Tuseme namba tasa p inaigawa namba yetu bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa p inabakiza p − 1, na 2⁶⁴ inabakiza 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakiza 1. Hapo kanuni ya Fermat mwenyewe (2 kwa kipeo cha p − 1, ikigawanywa kwa p, hubakiza 1) inadai kwamba p − 1 igawanyike kwa 64. Kwa hiyo p lazima iwe 64k + 1, na namba tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641... Ya tano tu, umefika!

Sasa hakiki kwa kalamu. 2¹⁶ ni 65,536. Toa 641 × 102, yaani 65,382, inabaki 154. Zidisha 154 kwa 154: 23,716. Toa 641 × 36, yaani 23,076, inabaki 640. Hilo ndilo baki la 2³². Ongeza 1, unapata 641 kamili. Wengi huharibu hapa kwa kukuza namba nzima kwanza ndipo wagawanye. Wewe punguza kila hatua. Ukitumia kompyuta, angalia pia: katika lugha ya programu iitwayo C, namba nzima ya biti 32 isiyo na alama ya hasi huishia 4,294,967,295, hivyo 2³² + 1 inageuka kuwa 1 bila onyo lolote.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Je, nacho ni tasa? Mwanahisabati Édouard Lucas aliibana sura ile ikawa 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, basi wa kujaribiwa ni watano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, kwa hiyo ni tasa.

Ukipata nafasi, chukua 2⁶⁴ + 1 uhakiki kwa njia hiyohiyo kwamba 274,177 inaigawa. Nitumie mabaki ya kila hatua, jibu peke yake halinitoshi.

Mjomba wako