Jibu la swali lako la nguo

Mwanaidi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Juzi kwenye simu uliniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa cherehani, kama ipo nguo mtu anaweza kuivaa bila kumdhulumu mwenzake. Nilicheka, lakini usiku sikulala.

Unalikumbuka jengo la Rana Plaza, kule Savar nje ya Dhaka, Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo? Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana kupasuka. Benki na maduka ya chini yakafunga. Washonaji wa ghorofa za juu wakaamriwa warudi kazini kesho yake, na asubuhi hiyo jengo likaporomoka. Walikufa zaidi ya 1,100. Mimi inaniuma ile benki. Jengo moja, nyufa zile zile, wenzao wakabaki nyumbani. Kwa mwenye kiwanda, oda kuchelewa kuliogopesha kuliko ukuta.

Na usiniambie basi tuvae mitumba. Nguo za robota zilishonwa huko huko, jasho halitoki kwa kufuliwa. (Nazinunua, sikatai. Koti langu ni la soko la mitumba la Karume.)

Sasa la kwangu. Mwaka jana kuelekea Idd nilipokea oda za magauni kupita uwezo. Wasichana wangu wawili nawalipa kwa kipande. Tulishona hadi saa saba usiku, siku nne mfululizo, hadi mmoja akasinzia, sindano ikamchoma kidole. Nikamfunga kitambaa, nikamwambia apumzike, kisha nikaangalia saa. Hilo la kuangalia saa sijamwambia mtu. Mteja alishaomba nimpunguzie, na nilishakubali.

Ndiyo maana huruma peke yake siiamini, hata yangu. Baada ya Rana Plaza kampuni nyingi, hasa za Ulaya, zilitia saini mkataba wa kuzibana kisheria. Wakaguzi wakaingia viwandani, majengo yakarekebishwa. Zilifanya kwa sababu zilibanwa. Lakini mkataba ule ulikuwa wa majengo na moto, ujira haukuugusa, na mimi hapa hakuna anayenibana.

Idd hii nimekataa oda mbili na bei nimepandisha. Mteja mmoja amehamia kwa jirani, na salamu haitikii. Gauni lako la kijani nitalishona. Nitumie vipimo vya mabega, vile vya zamani najua havikutoshi tena.

Ni mimi,
Rehema