Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na wadogo zetu mnaobaki,

Mbukwenyi! Karibu sana, na pole kwa vumbi la njiani.

Mheshimiwa, madawati, vyoo na uzio vimo kwenye taarifa ya Mkuu wa Shule. Sisi tuna ombi moja tu, nalo linahusu runinga.

Ofisini kwa walimu ipo ya inchi 32, iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi, pamoja na king'amuzi chake. Agosti upepo wetu wa Dodoma uligeuza dishi likaangalia Iringa. Mwalimu wa biolojia akapanda juu ya bati na wavulana wawili, wakalirudisha. Tukajazana ofisini, wengine wakining'inia madirishani, kutazama moyo unavyosukuma damu. Haujapiga hata mara kumi, kioo kikawa cheusi: kifurushi kimeisha. Huwa anakilipia mwalimu huyo huyo, kwa simu yake, na mshahara ulikuwa haujatoka. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Kinachotuuma ni kwamba waya wa kebo unapita juu ya geti letu kwenda baa na nyumba za wageni ng'ambo ya barabara. Usiku bwenini tunajua nani kafunga goli, kwa kelele tu.

Tukauliza wenzetu wamefanyaje. Marekani, mwaka 1972, tume ya mawasiliano iliagiza kampuni za kebo kwenye masoko makubwa zitenge chaneli za jamii, mojawapo ya elimu. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikasema tume haikupewa mamlaka hayo. Mwaka 1984 Bunge lao likatunga sheria: mamlaka ya mji inayotoa kibali cha kebo inaweza kudai chaneli ya elimu. Mheshimiwa, neno ni "inaweza". Mji uliodai uliandikiwa kwenye mkataba, ulionyamaza sheria haikuudaia. Mwaka 1992 wakazigeukia na kampuni za setilaiti, zitenge asilimia 4 hadi 7 ya nafasi zao kwa vipindi vya elimu na habari visivyo vya biashara.

Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010. Zamani antena ya hanga ilitosha, lakini tangu analojia izimwe Dodoma mwaka 2013, bila king'amuzi au kebo huoni kitu. Na masomo ya runinga si ndoto: mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, yalirushwa hewani, nasi tulikuwa bado shule ya msingi.

Tunakuomba, Mheshimiwa, ulifikishe hili wizarani, maana Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, si mbali. Leseni ya kebo inapotolewa au kuhuishwa, liandikwe sharti kwamba shule inayopitiwa na waya iunganishwe bure, na chaneli ya masomo yanayofuata mtaala wetu isizimike kifurushi kikiisha. Umeme ukikatika hilo ni la wengine, tutawaandikia risala yao.

Sisi tunaingia kwenye mtihani, hatutaifaidi chaneli hiyo. Kabla hujaondoka, pita ofisini. King'amuzi kipo mezani, kimefunikwa kitambaa.

Tunaomba kuwasilisha.