Fowili yako ya zamani inalia huko chini? Usikimbilie kununua difu

Simu tunazopigiwa sana gereji ni za namna hii: fundi, difu (boksi la gia kati ya matairi, linaloyazungusha) imekufa, nitafutie nyingine. Ukimuuliza umejuaje anakwambia inalia. Wapi? Huko nyuma nyuma. Sasa shida ya hizi gari za fowili (matairi yote manne yanaweza kuvuta) ni kwamba chesisi ni chuma mwanzo mwisho na chuma kinasafirisha sauti, beringi ya tairi la mbele unaweza kuisikia chini ya siti yako, na krosi (jointi) ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, ikasikika kama gia boksi inasagika. Kwa hiyo sikio lako usiliamini sana kuhusu inalia WAPI, liamini kuhusu inalia LINI. Ukikanyaga mafuta? Ukiachia? Ukikata kona? Inaanza spidi gani na inapotea spidi gani? Ukija na majibu ya hayo maswali, nusu ya kazi imeisha na hatujafungua hata nati moja.

Cha kwanza hakihitaji spana. Gari imesimama, nyutro, pandisha moto mpaka rpm (mizunguko ya injini) ile inayoliaga barabarani. Ikilia vilevile basi achana na difu, hiyo ni injini au vilivyo karibu nayo. Isipolia, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika spidi inayolia, weka nyutro uiache iserereke (injini USIZIME, breki na stelingi zitakuwa nzito). Mlio ukiendelea na kushuka taratibu pamoja na gari, ni kitu kinachozunguka na matairi, yani propela, beringi, difu au matairi yenyewe. Ila mlio ukinyamaza usiseme difu ni nzima, mana difu iliyolika meno inalia ikiwa na mzigo tu (nguvu ya injini ikipita ndani yake), ukiweka nyutro mzigo umetoka, lazima itulie.

Matairi tunayataja mapema makusudi. Matairi ya matope yakilika vibaya yanaunguruma kama beringi kabisa, watu wamebadilishiwa beringi nzima kwa sababu hiyo. Hamisha ya mbele yaende nyuma, mlio ukihama nao au ukibadilika sauti umepata jibu. Na mlio wa tairi unabadilika ukitoka lami ukaingia vumbi, wa beringi hauna habari na barabara. Beringi ya tairi yenyewe inajitaja kwenye kona: ukikata kulia uzito unaenda kushoto, mngurumo ukipanda hapo anza kushuku beringi ya kushoto.

Difu yenyewe ni mluzi, na mluzi wake unafuata mguu wako. Ikipiga mluzi ukikanyaga na ikanyamaza ukiachia, meno ya kraunwili na pinioni (gia mbili za ndani ya difu) yamelika upande wa kuvuta. Ikipiga mluzi ukiachia tu, mara nyingi beringi ya pinioni imelegea. Mngurumo usiojali unakanyaga au unaachia, hizo ni beringi, na hapo unaweza kuokoa meno ukiwahi.

"Ngo!" moja ukiingiza gia au rivasi ni mchezo uliolegea mahali fulani: krosi, meno ya slaidi ya propela yaliyokauka grisi, maunti ya gia boksi, au bushi. Lala chini, gari imewekewa magogo, nyutro, shika propela uizungushe kwa mkono huku na huku. Krosi ikiwa na vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake imeshakauka, hata kama haijaanza kupiga kelele kwi kwi kwi bado inakuja. Kuhusu kutetemeka, propela inazunguka kasi kuliko tairi, kwa difu ya 4.1 na tairi la kipenyo cha sentimita 79, kwenye 80 km/h tairi linazunguka kama mara 9 kwa sekunde na propela kama mara 37. Kwa hiyo mtikisiko wa taratibu unaoweza hata kuuhesabu ni tairi au rimu, ule wa haraka unaowasha makalio ni propela. Na kama propela ilifunguliwa karibuni ikarudishwa bila kuwekwa alama, angalia nira zake mbili (uma za chuma zinazoshika krosi) ziko mstari mmoja, zikipishana mara nyingi itatetemeka hata krosi ziwe mpya.

Sasa hii ndo tunayoipenda. Kama gari ina habu (vitovu vya matairi ya mbele) za kufunga kwa mkono, habu zikiwa huru na uko tuwili (matairi ya nyuma tu yanavuta), propela ya mbele, difu ya mbele na shafti zake zinatulia. Endesha hivyo, sikiliza. Funga habu lakini USIINGIZE fowili, endesha tena barabara ileile. Mlio ukizaliwa hapo uko mbele, basi, nusu ya gari umeshaitoa kwenye kesi bila kuchafua mikono. Kugonga tak tak tak ukikata kona fowili ikiwa imeingia ni jointi ya mbele, kwa Land Cruiser 60 na 80 imefichwa ndani ya lile duara la chuma nyuma ya tairi, ukiona pananing'inia grisi nyepesi imechanganyika na oili ujue sili ya ndani imekufa. Ila gari kukaza na kugonga ukiwa umeingiza fowili isiyo ya kudumu (ile ya kuingiza na kutoa) kwenye lami kavu sio ugonjwa, ni wewe, itoe.

Kuna wanaofungua propela ya nyuma kabisa wakaendesha na ya mbele ili kutenganisha. Inafanya kazi, ila jua kwamba P (paki) ya gia za otomatiki inaweza isishike tena, na Land Rover zenye handibreki kwenye propela ndo kabisa, weka magogo kabla ya kulegeza bolti.

Mafuta ya difu: fungua nati ya kujazia KWANZA, ikigoma hujamwaga kitu. Tope la kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya kushikika sio kawaida, rangi ya maziwa ni maji, na hapo angalia kipumulio cha difu kama kimeziba.

Siku ya kuja usipitishe gari kwenye pampu kuosha chini, tunataka kuona oili imevuja wapi na imerushwa kuelekea wapi. Na kama inalia ikiwa na mzigo, njoo na mzigo.