Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Missenyi: majina kwanza, mnara baadaye

Mheshimiwa,

Vijiji vya kuanzia Kyaka hadi Mutukula vilivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978, vikakombolewa na wanajeshi na mgambo kutoka kila pembe ya Tanzania. Makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, Vita vya Kagera, yako Kaboya, wilayani Muleba. Ombi letu ni hili: kijiji kinachotaka mnara wake wa kumbukumbu kisianze kuchimba msingi kabla hakijamaliza kazi ya kuhakiki majina ya waliokufa. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927, na hakuna mjukuu anayeweza kwenda pale akaweka kidole juu ya jina la babu yake.

Orodha ya jeshi isomwe kwa sauti mbele ya ndugu. Kwetu R na L huponza: Rwegasira mmoja huandikwa Lwegasira, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia. Kila mmoja apate majina matatu na kijiji alikozaliwa. Yapangwe kwa alfabeti, si kwa vyeo, na mgambo wasitengwe chini. Ndugu watie saini kwenye karatasi yenye maandishi ya ukubwa halisi kabla patasi haijagusa jiwe. Kosa kwenye granaiti halifutiki. Bamba zima husagwa upya au hutupwa.

Herufi ziwe na kimo cha milimita 25 angalau, zichongwe kwa mfereji wa V, si kupakwa rangi tu. Rangi ya dhahabu hupauka kwa jua, lakini mfereji hubaki na kivuli chake, na mzee asiyeona vizuri atausoma kwa vidole. Shaba tusiitumie kabisa. Itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Vigae vya sakafuni vilivyobandikwa ukutani kwa saruji ndivyo vinavyoanguka kwanza. Maji ya mvua hupenya nyuma yake, jua hutanua kigae na zege kwa viwango tofauti, gundi inaachia. Bamba la jiwe lishikwe kwa pini nne za chuma kisichoshika kutu, liachwe nafasi ya milimita 5 na jirani yake, na juu ya ukuta kuwe na kofia inayomwaga maji mbali.

Bondeni karibu na Mto Kagera udongo hutanuka masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo msingi ufuate ardhi ngumu hata ikizidi mita moja. Zege liwe ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga uliooshwa, 4 za kokoto. Nondo zifunikwe kwa sentimita 5. Zikikaribia uso hupata kutu, huvimba na kupasua zege. Limwagiliwe siku 7, mabamba yasubiri siku 28. Haraka ya kuwahi Julai 25, Siku ya Mashujaa, huharibu hapa.

Mikaratusi isipandwe karibu. Kuosha ni maji na brashi laini, kamwe si asidi.

Bamba moja liachwe tupu. Familia nyingine huleta majina baada ya uzinduzi, na kibao cha mbao kilichopigiliwa pembeni hakimalizi masika mawili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Waashi na wachonga mawe